Kadi Niliyoiandika Mwenyewe

27 Desemba

Daftari hili alinipa Estera, binti yetu, alipokuja mwezi wa nane kutoka Hispania anakofungasha machungwa. Aliniambia niandike humo maswali yangu ya Biblia ili nisimchoshe baba yake wakati wa kula. Nimelikalia miezi minne. Leo theluji imefika kwenye dirisha la zizi, mume wangu Teofil amelala baada ya chakula cha mchana, nimeona nianze.

Nasoma Biblia tangu Juni, kuanzia ukurasa wa kwanza, penseli mkononi. Nisipoelewa naweka alama ya kuuliza pembeni. Teofil aliichungulia akasema kurasa zangu zinafanana na bustani iliyoingiliwa na kuku. Nina miaka sitini na mmoja, na zaidi ya arobaini kati ya hiyo nimekaa kwenye mabenchi ya kanisa letu la Kibaptisti hapa kijijini Valea Cornului bila kuuliza kitu. Sasa nauliza kila kitu. Kwa nini malaika alimzuia Ibrahimu asimchinje mwanawe, na kwa binti wa Yeftha hakutokea yeyote? Kwa nini Uza alipigwa akafa wakati alikuwa anazuia sanduku lisianguke? Ndugu Avram, mchungaji wetu, aliniambia maswali mengine tuyaweke hadi tufike mbinguni. Nikamjibu kwamba huko nitakuwa na mengine ya kutazama.

28 Desemba

Leo nimeandika kadi za mwaka mpya, themanini na sita.

Kila tarehe moja Januari, baada ya maombi, sinia hupita na kila mtu huchukua kadi yake akiwa amefumba macho. Mstari ulioandikwa humo ndio neno lake la mwaka mzima. Watu huzibandika kwenye kioo, juu ya jiko, ndani ya kofia. Wapo waliozikwa nazo. Naziandika mimi kwa sababu nilikuwa karani wa posta na mwandiko wangu haujawahi kumpotezea mtu barua. Mistari huchagua Ndugu Avram, ananiletea orodha.

Nilipofika kadi ya sabini mkono ulianza kuuma, na hasira ikapanda. Orodha nzima ni asali. Usiogope, nitakubariki, nitakulinda, maji matulivu. Tunafundishwa kwamba Mungu mwenyewe ndiye anayeongoza kila mkono kwenye sinia. Kama ni hivyo, mbona tunamchagulia maneno? Tunamwekea sukari tupu mezani, halafu tunashangaa jinsi alivyo mtamu.

Biblia ilikuwa imefunguka kwenye Isaya, pale nabii anapoingia kwa mfalme Hezekia aliye mgonjwa. Nikachukua kadi tupu, nikaandika kwa herufi nzuri kuliko zote za leo: Panga mambo ya nyumba yako, kwa kuwa utakufa, hutapona. Nikaacha mstari mmoja wa orodha ili hesabu itimie.

Nilijiambia nataka kuona. Kama Mungu haongozi mikono, basi ni karatasi na itamwangukia yeyote. Kama anaongoza, atajua ni ya nani. Ukweli mwingine, na daftari hili ni la ukweli, ni kwamba nilitamani Ndugu Avram aipate yeye.

30 Desemba

Teofil amebeba gogo la mti kutoka ghalani. Nimemkaripia hadi jirani akafungua dirisha.

Novemba daktari wa mjini alimpiga picha ya tumbo kwa ajili ya maumivu ya mgongo, akakuta kitu kingine. Mshipa mkubwa wa damu umevimba, upana wa yai la bata. Hauumi. Unaweza kukaa hivyo mwaka, unaweza kupasuka akifunga viatu. Amepangiwa upasuaji tarehe 18 Machi, na mpaka siku hiyo asinyanyue kitu kizito kuliko ndoo ya maji. Mume wangu ni mtengenezaji wa mapipa ya kuchachushia kabichi. Hajui kukaa.

31 Desemba

Nilikwenda kufagia kanisa nikiwa na nia ya kuitoa ile kadi. Ndugu Avram alikuwa ameshafunga kadi zote kabatini, na ufunguo anao yeye. Ningeweza kumwomba. Nilifagia nikarudi nyumbani.

1 Januari

Mikono imeganda lakini lazima niandike.

Kanisa lilijaa, mpaka wale wasioonekana mwaka mzima walikuja kuchukua kadi. Nilishika sinia kwa mikono miwili nikapita benchi kwa benchi. Teofil huchukua kadi mbili, yangu na yake, kwa kuwa mimi siwezi kuachia sinia. Ndivyo tunavyofanya kila mwaka. Nilipofika kwake alifumba macho, akachukua moja, akachukua ya pili. Akazisoma. Akazisoma tena. Halafu akaniwekea yangu kwenye mfuko wa aproni, na yake akaitia mfuko wa shati.

Niliendelea kupita nikitazama nyuso. Ndugu Avram aliipata yake akatabasamu. Hakuna aliyegeuka rangi. Nilipomaliza benchi la mwisho nilikuwa nimeshajua.

Baadaye kila mtu husimama na kusoma lake kwa sauti. Yangu ilikuwa ahadi kwamba Mungu atanibeba hadi mvi zangu, watu wakaitikia amina. Ilipofika zamu ya Teofil alisema yake atasoma siku nyingine, akakaa. Watu walidhani ni aibu.

Nyumbani niliweka mezani majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama. Akaitoa kadi akaiweka kando ya sahani yangu, herufi zangu nzuri zikielekea kwangu.

"Soma," akasema.

"Nimesoma."

"Basi. Tumeambiwa."

Akala chakula chake chote na kuongeza. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko kadi.

2 Januari

Sijamwambia. Nilifungua mdomo mara mbili, mara zote mbili nikamuuliza kama anataka chai.

Ataniuliza kwa nini niliiandika, na sina jibu ninaloweza kulisema huku ananitazama.

6 Januari

Floarea, jirani yetu wa upande wa kisima, ni Mwothodoksi. Leo kasisi wao amepita kubariki nyumba, na Floarea kama kawaida akatuletea chupa ya maji ya baraka, akijua hatutayanywa. Aliiona kadi ya Teofil ikiwa imebandikwa juu ya jiko. Aliisoma akaacha kucheka, na Floarea haachi kucheka hovyo.

"Ninyi Waliotubu mnatuita sisi washirikina," akaniambia uani, kwa jina wanalotuita sisi Wabaptisti. "Na mnaokota vikaratasi kama wale wanaochaguliwa karatasi ya bahati na kasuku gulioni. Kasuku angalau hamwambii mtu atakufa. Mwenye kasuku hakubali, atakosa wateja."

Nikamwambia kasuku hajui kusoma. Akaniuliza aliyeandika anajua?

8 Januari

Teofil amesema hatakwenda kwa upasuaji. Hakubishana. Alisema daktari ana kisu na Mungu ana neno, na yeye ameshajibiwa. Nilimwambia Mungu huyo huyo ndiye aliyeumba madaktari. Akasema ndiyo, na nyuki pia, lakini hatumwiti nyuki kwa kila ugonjwa.

Kisha akachukua nyundo akaenda kutengeneza lango.

9 Januari

Nyundo tangu asubuhi.

10 Januari

Nyundo.

19 Januari

Lango, kuta za zizi, vigae vinne vya paa. Amepanda paani kwenye barafu. Nilisimama chini nikishika ngazi na nikihesabu kila anapoinama. Aliposhuka nilimwambia ataniua. Alinitazama vibaya sana, akaniambia nisiseme hivyo tena katika nyumba hii.

Ameandika vibandiko kwenye funguo zote. Amepasua kuni za majira mawili ya baridi. Kuni hizo zina uzito, nazo anazibeba kifuani, juu kabisa ya lile yai.

26 Januari

Nimerudi nyuma kwenye Yoshua, pale kura ilipopigwa kumtafuta aliyeficha nyara. Kabila likachukuliwa, kisha ukoo, kisha nyumba, mwisho mtu mmoja, Akani, na vitu vimefukiwa chini ya hema lake. Zamani niliweka alama ya kuuliza pale watoto wake walipopigwa mawe pamoja naye. Leo nimeitazama alama ile nikaona sikuuliza swali lililokuwa langu. Wakati kura inakaribia, hatua kwa hatua, Akani alikuwa anawaza nini? Kwa nini hakusema kabla?

Najua alikuwa anawaza nini. Alikuwa anawaza labda itasimama kwa jirani.

3 Februari

Teofil ameniuliza natia chumvi kiasi gani kwenye maji ya ugali. Miaka thelathini na minane ya ndoa hajawahi kuuliza. Nikamwambia kiasi cha kutosha. Akaja na kijiko akataka nimwoneshe.

9 Februari

Ameoka mkate. Umetoka mgumu, tumemlisha nguruwe, na nguruwe naye ameufikiria kwanza. Anataka kujaribu tena Jumanne. Anauliza hamira inawekwa wapi, mashati yanalowekwa kwa muda gani, dawa ya kuku inachanganywaje. Mtu anayejiandaa kufa anajifunza kukanda unga ili iweje? Nimemwambia aache kunifuatafuata jikoni, nilihisi ananidhihaki.

Halafu ananichunga. Amemwaga majivu njia nzima ya kisimani ili nisiteleze. Amenipeleka zahanati nipimwe presha, mimi, na yeye mwenyewe amekataa kupimwa. Muuguzi alisema yangu iko juu kidogo kwa umri huu. Teofil alimwomba arudie, kisha akamwomba arudie tena.

14 Februari

Theluji, tena theluji. Estera amepiga simu akilia. Anataka nimfunge baba yake kamba nimpakie basini. Ameniuliza kadi hizo huandikwa na nani siku hizi. Nikasema mimi. Akasema, "Ningekuwa wewe, mama, ningeichana nikiwa bado naiandika." Hajui alichosema.

20 Februari

Nilichukua Biblia nikaenda nayo karakana. Nikamsomea kilichofuata, kwa sauti ya kanisani. Hezekia alipoambiwa atakufa aligeukia ukuta akaomba, akalia sana, na nabii hajafika mbali akarudishwa na ujumbe mwingine: maombi yamesikiwa, machozi yameonekana, ameongezewa miaka kumi na mitano. Nikamwambia neno la kwanza halikuwa la mwisho.

Alikuwa anakaza pete ya chuma kwenye pipa. Alisubiri nimalize.

"Kadi imeishia wapi?" akauliza.

"Kadi ni fupi, Teofil. Nafasi ni ndogo."

"Mungu alijua ukubwa wa kadi."

Akaendelea kugonga, na mimi nikabaki nimesimama na miaka kumi na mitano mikononi.

2 Machi

Barafu imeanza kuvunjika mtoni. Tangu jana inapasuka kwa kishindo, na kila kishindo nakimbilia dirishani kutazama kama Teofil bado amesimama.

Baada ya ibada nilibaki nikamwambia Ndugu Avram kila kitu, isipokuwa kwamba nilitaka imwangukie yeye. Ni mtu mzuri, tangu leo nalijua hilo, na mwoga, na hilo pia nimelijua leo. Aliniomba nisimwambie Teofil wala mtu yeyote mpaka Pasaka ipite. Watu wakijua kuna kadi iliyotiwa na mkono wa mtu, alisema, wataanza kujiuliza na hizo nyingine zilitiwa na nani.

"Zilitiwa na nani, ndugu?" nikamuuliza.

Akasema yeye huchagua tamu kwa sababu hawezi kulala akifikiria kumpa mjane neno chungu. Sauti ilimtoka ndogo. Kisha akasema jambo ambalo silitoi kichwani: huenda mimi nilidhani ninamjaribu Mungu, na kumbe nilikuwa karani wake tu. Nilirudi nyumbani kando ya mto na mabonge ya barafu yakipita.

5 Machi

Maji yamefika kwenye mti wa plamu wa chini.

7 Machi

Yamepita mti.

10 Machi

Kama mimi nilikuwa karani tu, basi kadi ni ya kweli, na Teofil atakufa. Kama sikuwa karani, basi nimemuua mimi kwa kalamu ya wino mweusi. Nimezunguka humo siku nane. Kote hakuna mlango.

Naandika hapa wazi kwa kuwa sina wa kumwambia: nampenda huyu mzee, na ninamwogopa Mungu kwa namna ambayo si ile tunayoiimba.

15 Machi

Jumamosi. Mapema leo hospitali walipiga simu kuthibitisha kitanda cha Jumatatu. Teofil alitaka kuwaambia wampe mwingine. Nikamnyang'anya simu nikasema anakuja. Alitoka akaenda karakana. Nikamfuata na aproni yangu hivyo hivyo.

Nikamwambia, "Ile kadi niliiandika mimi."

"Zote unaandika wewe."

"Haikuwa kwenye orodha. Avram hakuichagua. Niliiweka mwenyewe, kwa hasira, kumjaribu Mungu. Si neno lako, Teofil. Ni ujinga wangu."

Alikuwa na patasi mkononi. Aliiweka mahali pake ukutani, kwenye mchoro wake, maana tangu Januari kila kifaa amekichorea umbo lake. Akaniuliza nilitaka nani aipate. Nikamwambia Avram. Alicheka, kicheko kifupi, huku amejishika tumbo, na kwa nukta moja nilidhani yamekwisha, tumeokoka. Kisha kicheko kikamwisha. Akakaa juu ya pipa.

"Saveta, siku ile nilichukua kadi ngapi?"

"Mbili."

"Ya kwanza huwa ya nani?"

Ya kwanza huwa yangu. Kila mwaka huchukua yangu kwanza, kisha yake, na kila mwaka husema ananipa mimi kwanza ili nisije nikasema kanipunja.

"Ya kwanza ndiyo hii," akasema. "Niliisoma, nikakupa ile nyingine. Nikamwambia Mungu pale pale kwenye benchi kwamba hii naichukua mimi, nina tumbo ambalo tayari limeharibika, asihangaike. Sasa nikienda nikashonwa nikapona, neno hilo litakwenda wapi? Litarudi kwa mwenyewe."

Nikamuuliza kuhusu mkate. Sijui kwa nini, katika yote hayo niliuliza kuhusu mkate.

"Sikujua kama Mungu amekubali kubadilishana," akasema. "Nikaona nijifunze. Endapo."

Nililia. Siandiki jinsi nilivyolia. Nilipoweza kusema, nikamwambia anipe kadi. Alikuwa ameshaibandua juu ya jiko siku nyingi, anatembea nayo kwenye shati. Akaitoa lakini hakuiachia.

"Wewe unasema ni karatasi."

"Ni karatasi."

"Basi ishike, uniambie machoni kwamba haikutishi. Ukiweza, Jumatatu naenda. Usipoweza, inabaki kwangu na tusilizungumze tena."

Niliishika. Ilikuwa na joto la mwili wake. Nikamwambia hainitishi hata kidogo, ni ujinga wa mwanamke aliyechoka kuandika. Nilisema kwa ile sauti ya dirisha la posta, niliyokuwa nikiwaambia watu barua yao haijafika huku najua haitafika. Hakunitazama usoni, alitazama mikono. Mikono yangu imegonga mihuri miaka thelathini, haitetemeki.

"Sawa," akasema. "Nifungie soksi za sufu."

17 Machi

Amelazwa. Kitanda cha dirishani. Aliniagiza niwape kuku maji ya uvuguvugu, nisipande ngazi.

18 Machi

Wamemwingiza saa mbili asubuhi. Kwenye korido kuna benchi na ukuta wa rangi ya kijani. Nilikumbuka Hezekia, nikageuka nikaupa ukuta uso. Muuguzi alikuja kuniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ninasali. Akasema naweza kusali nikitazama mbele, watu wanapata wasiwasi.

Sikujua niombe nini. Nikiomba kadi iwe uongo, ninaomba kwamba Mungu hakuwa kwenye sinia, na kama hakuwa kwenye sinia sijui kama yuko kwenye chumba kile chenye mlango wa chuma. Nikiomba awepo, nimejiombea hukumu yangu. Mwisho nilikuwa natamka tu jina la mume wangu. Teofil, Teofil, kama ninayemwita aje kula.

Saa nane mchana daktari alitoka. Ameshona, amekaza, mgonjwa anapumua. Alisema mshipa ulikuwa mwembamba kama karatasi ya sigara, mwezi mmoja zaidi ungepasuka. Nilimshika mikono nikaibusu yote miwili, mimi ambaye sijawahi kumbusu kasisi mkono.

Kadi ilikuwa ndani ya aproni chini ya koti. Nilikuwa nimesahau kuvua aproni.

30 Machi

Amerudi nyumbani. Kanisa zima lilikuja, na supu za kuku ndoo nne. Alisimama kwa fimbo akawaambia kadi yake ilikuwa ile ya kubebwa hadi mvi, na tazameni, amebebwa. Waliitikia amina mpaka vioo vikalia. Ndugu Avram aliitikia pia, huku akiangalia viatu vyake.

Hakuna aliyekumbuka kwamba mstari huo niliusoma mimi.

4 Aprili

Kizunguzungu kisimani. Nilishika ukingo, kikapita.

9 Aprili

Tena. Sikusema.

13 Aprili

Nimekwenda kutazama ile miaka kumi na mitano. Hakuna anayehubiri habari zake, kwa hiyo nilihesabu mwenyewe kwa penseli. Hezekia alipokufa, mwanawe Manase alikuwa na miaka kumi na miwili. Maana yake alizaliwa ndani ya miaka ile ya nyongeza, aliyoililia baba yake ukutani. Na Manase aliujaza Yerusalemu damu kutoka ukuta hadi ukuta. Sikuweka alama ya kuuliza. Nilifunga kitabu.

Teofil yuko uani anaota jua. Ameongezeka uzito, analalamikia chumvi. Kila ninapopita ananifuata kwa macho, na mimi napita huku naimba ili anione niko vizuri. Alinikubali kwa sababu ya mikono isiyotetemeka. Siku akiona ninaogopa, ataitaka kadi yake, na safari hii hana mshipa wa kumpa Mungu.

25 Aprili

Ijumaa Kuu. Keshokutwa Pasaka. Kijiji kizima kinafua, kinapaka chokaa, mazulia yako kwenye uzio. Hata sisi tusiofuata mengi, usafi wa Pasaka tunaufuata. Nimeushukuru mwaka huu kuliko miaka yote, kwa kuwa hakuna anayekuuliza kwa nini unapanga nyumba.

Tangu Jumatatu nimepanga. Shuka zimekunjwa kwa seti, na karatasi juu ya kila seti. Mapishi manane nimeyaandika kwa herufi kubwa nikayatia kwenye droo ya vijiko, pamoja na kipimo cha chumvi. Barua za Estera nimezifunga kwa miaka. Gauni la bluu nimelipiga pasi nikalitundika peke yake. Floarea alipita akaniambia, "Wewe Saveta, mwaka huu unakuja nani, rais?" Nikamwambia sikukuu ni sikukuu.

Kadi nimeiweka ndani ya Biblia, kwenye Isaya. Upande wa nyuma ni mweupe. Kalamu ilikuwa mezani na mstari naujua kwa moyo, ule wa maombi kusikiwa na machozi kuonekana, na nafasi inatosha kabisa. Nilishika kalamu. Kisha nikaiweka chini. Kadi nilizoandika zinatosha.

Sasa Teofil ananiita kutoka kitandani. Amesikia kiti kikiburutwa, anataka kujua napanda wapi, hayo makabati ya juu si yanaweza kungoja? Nimemjibu kwa wimbo kwamba ni vumbi la Pasaka tu, alale. Limebaki kabati moja.